Fedha: Madini na Neno Lake

Neno fedha limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni jina la madini meupe yang'aayo. Katika Kiswahili lina maana mbili: madini yenyewe, na mali ya kununulia na kuuzia. Kikuku cha fedha ni kitu cha kuvaa mkononi. Fedha za kikuku ni malipo ya kukinunulia. Yafaa kueleza jinsi maana hii ya pili ilivyozaliwa.

Sababu ya kwanza ni tabia ya madini hayo. Fedha haishiki kutu kama chuma, ingawa hugeuka nyeusi ikikutana na hewa yenye salfa, nayo ikisuguliwa hurudi weupe wake. Huyeyuka kwa joto la digrii 961 za sentigredi, na hupitisha joto na umeme kuliko madini mengine yote. Lakini ikiwa safi ni laini mno. Kwa hiyo sonara na mpiga sarafu huichanganya na shaba ili iwe ngumu.

Sababu ya pili ni biashara. Riale ya Maria Theresa, iliyoandikwa mwaka 1780, ilitumika sana Unguja na pwani yetu. Uzito wake ni gramu 28, na katika mafungu sita, matano ni fedha. Rupia ya Bara Hindi ilikuwa na gramu 11.66, na katika mafungu kumi na mawili, kumi na moja yalikuwa fedha. Basi aliyelipwa sarafu hizo alilipwa fedha kweli, na jina lililingana na kitu.

Baadaye viliachana. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ilikuwa na robo moja tu ya fedha; ile ya mwaka 1948 ilikuwa shaba na nikeli. Madini yalitoka katika sarafu, jina likabaki.

Kwa hiyo msomaji wa hati za zamani hana budi kuwa mwangalifu. Wasia ukisema binti aachiwe fedha, je, ni mitali na vikuku, au ni sarafu? Upatanisho wa sarufi waweza kusaidia, kwani mara nyingi madini ni fedha hii, na sarafu ni fedha hizi. Lakini usipotosha, hapana budi kutazama maneno yaliyo jirani, maana haki ya mrithi yaweza kutegemea neno hilo moja.