Je, Wajua Kilichomo Ndani ya Stripu ya Sukari?

Sukari yote inayozunguka katika damu ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ni gramu 4 au 5 tu: kijiko kimoja cha chai. Mwenye kisukari aina ya pili ambaye mashine yake ya kupima sukari imesoma 15 (milimoli kwa lita) ana vijiko vitatu. Vijiko viwili hivyo vya ziada ndivyo vinavyoharibu macho, figo na mishipa ya miguu mwaka baada ya mwaka. Kinachovigundua ni stripu, kipande cha plastiki chenye upana wa nusu sentimita, kinachotupwa mara tu kikishatumika.

Watu huisifu mashine, na siku nyingine huilaumu. Aliyepata 9 nyumbani na 10 kliniki husema mashine yake ni mwongo. Lakini mashine ni kisoma umeme tu, chenye betri ndogo ya duara. Kazi ngumu imefanywa na stripu.

Kwenye ncha inayonyonya damu pamepakwa kimeng'enya kilichokaushwa. Katika stripu nyingi kimeng'enya hicho ni glukosi oksidesi, ambacho hupatikana kutoka kwa ukungu uitwao Aspergillus niger. Wauza vitunguu wanaujua vizuri: ndio ule unga mweusi unaokutwa chini ya maganda ya kitunguu kilichohifadhiwa penye unyevu. Kimeng'enya hiki ni kichaguzi kupita kiasi. Ndani ya tone la damu lililojaa chumvi, mafuta na protini, chenyewe hushika glukosi na kuinyang'anya elektroni mbili. Kwenye ukungu, elektroni hizo huchukuliwa na oksijeni. Kwenye stripu kumewekwa kemikali nyingine ya kuzidaka na kuzifikisha kwenye waya mwembamba. Glukosi ikiwa nyingi, elektroni huwa nyingi na mkondo wa umeme hukua. Mashine huupima mkondo huo na kuugeuza kuwa namba, yote kwa sekunde chache, kwa damu isiyozidi maikrolita moja.

Wazo la kuunganisha kimeng'enya na umeme lilitolewa na Mmarekani Leland Clark mwaka 1962. Hata hivyo mashine za kwanza, za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilisoma rangi ya stripu, zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na zilikusudiwa madaktari. Mhandisi Richard Bernstein, aliyeugua kisukari tangu utotoni, aliipata yake kwa sababu mkewe alikuwa daktari. Akajipima mwenyewe mara nyingi kwa siku, akaona sukari yake inavyopanda na kushuka, akarekebisha chakula na insulini kufuatana na alichokiona. Madaktari hawakumsikiliza, naye akaingia chuo cha udaktari akiwa na miaka zaidi ya 40. Mwaka 1987 ikauzwa mashine ya umeme yenye ukubwa wa kalamu, tunda la utafiti wa Oxford na Cranfield nchini Uingereza. Kipimo kikaweza kukaa mfukoni mwa mgonjwa.

Kwa kuwa stripu ni kemia hai, huharibika. Nyingi hazitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na miji yetu ya pwani huvuka hapo mara nyingi. Kopo lake lina kitu cha kufyonza unyevu, hivyo ukiuziwa stripu chache zilizofungwa kwenye karatasi, umenunua namba zisizoaminika. Vidole navyo vina hila. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mtu aliyetoka kumenya tunda hupata namba ya juu mno, na kwamba kufuta kidole kwa spiriti hakutoshi. Kunawa kwa maji kunatosha. Ukitoka kumenya embe, nawa kwanza.

Jambo zito zaidi ni upungufu wa damu. Seli nyekundu zikiwa chache, mashine nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Katika nchi zenye malaria na selimundu, hilo si jambo la pembeni: mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji, sukari ikashuka hadi akazimia. Na kuhusu ule mzozo wa 9 na 10, kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinaruhusu sehemu kubwa ya majibu kupishana na maabara kwa hadi asilimia 15. Mashine zote mbili zinaweza kuwa sawa.

Namba moja peke yake haisemi mengi. Sukari isiyotulia husomwa kwa vipimo viwili viwili: kabla ya kula na saa mbili baadaye, kabla ya kulala na baada ya kuamka. Mtu akilala na 7 akaamka na 10, wengi humshutumu kwamba amekula usiku. Mara nyingi mhusika ni ini lake. Kuelekea alfajiri homoni za kuuamsha mwili huliamuru ini kumwaga akiba ya sukari, na kwa mwenye kisukari insulini haitoshi kulizuia. Tiba yake si kumgombeza mgonjwa; ni kumpelekea daktari namba hizo mbili ili aangalie dawa na saa za kuzitumia. Vivyo hivyo, kipimo cha kabla na baada ya ugali kitakuonyesha tofauti ya bonge kubwa na bonge dogo lililoambatana na maharage na mboga nyingi. Anayetumia vidonge vya metformini pekee si lazima ajitoboe kila siku. Siku chache zilizopangwa kabla ya kliniki zinafaa kuliko mwezi wa kubahatisha. Anayetumia insulini au glibenklamidi anahitaji kupima mara nyingi zaidi, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuishusha sukari hadi hatari.

Linalonikera ni jinsi tunavyogawa mashine na kusahau stripu. Kila kampuni ina stripu yake, isiyoingia kwenye mashine ya mwenzake. Mashine hutolewa bure kwenye kampeni, kopo la kwanza linaisha, stripu za aina hiyo hazipatikani wilayani, mashine inalala kabatini. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha sukari kwenye orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018. Serikali zetu zingechagua aina mbili tatu, zikanunua stripu kwa wingi na kuzifikisha kwenye zahanati. Na sisi tuache kutupa sindano za kutobolea jalalani, zinapochoma wanaookota taka. Ziweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko. Usiazimishe sindano hata kwa ndugu, maana homa ya ini B hupita hapo.

Matumizi mengine: kumpima mjamzito anayefuatiliwa sukari, kumpima mgonjwa aliyezimia, kuangalia sukari kabla ya safari ndefu ya kuendesha gari, na kujipima wakati wa Ramadhani, kwani kutoboa kidole hakubatilishi swaumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6, miongozo ya kimataifa inamtaka mfungaji afungue. Iliyoshuka, kwa mtu mwenye fahamu, itibiwe papo hapo kwa vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Kabla hujapokea au kununua mashine yoyote, uliza kwanza kama stripu zake zinapatikana karibu nawe mwaka mzima. Kama hazipatikani, chagua nyingine.