Riziki ya Sanaa (3): Lilanga Alianzia Getini

Wiki iliyopita tulimwacha Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, akiuza picha zake za rangi ya baiskeli. Leo ni zamu ya George Lilanga, kwa kuwa kila kijana anayeniuliza aanzie wapi hunikumbusha kazi aliyoanza nayo mzee huyu jijini: ulinzi.

Lilanga, Mmakonde wa kusini, alizaliwa mwaka 1934. Alianza kuchonga mihogo, akaja miti laini, mwisho mpingo. Utaratibu huo una akili: muhogo ukiuharibu, unautafuna, mpingo ukiuharibu, umepoteza gogo na siku nzima ya tezo.

Alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970 alikuwa anakaribia arobaini, tena fundi kamili. Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii alikokuwapo mjomba wake, msanii Augustino Malaba, ikampa kazi ya kulinda. Wapo ambao wangeona wamedhalilishwa. Lakini mshahara ule ulilisha nyumba, na geti lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye wino, nta ya batiki na ngozi za mbuzi. Tunapenda kusema mvumilivu hula mbivu. Methali haituambii mvumilivu akae wapi. Lilanga alikaa chini ya mwembe wenyewe.

Hakudumu getini. Alijifunza batiki, akachora juu ya ngozi, akachapa picha kwa mabamba ya metali. Mashetani wa Kimakonde, wenye masikio mapana, matumbo yaliyofura na midomo iliyochomoza, wakatoka kwenye gogo wakahamia kwenye picha, wakavaa rangi kali na kuanza kucheza ngoma, kubebana na kugombana kama majirani wa uswahilini. Hapo ndipo naiona tamaa yake, tena tamaa njema: soko la vinyago lilikuwepo tayari, naye angeweza kulihudumia hadi uzeeni, lakini hakuridhika nalo. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington.

Baadaye kisukari kilimkata miguu. Aliendelea kufanya kazi akiwa na wasaidizi, hadi alipofariki mwaka 2005. Mnunuzi atauliza: basi mkono upi ni wa Lilanga? Swali hilo humshangaza aliyekulia kwenye banda la wachongaji, ambako huyu hutoa umbo, yule hupiga msasa na mwingine hung'arisha kwa kiwi. Habari ya sahihi na bei yake tutaichambua wiki ijayo.