Mpelelezi wa Kuogopwa na Mpelelezi wa Kuchekwa

Kila mtu wa kijijini ajua kusoma kengele. Kengele ya Misa hupigwa upesi upesi. Kengele ya msiba hupigwa polepole, pigo moja moja, na kati ya pigo na pigo pana kimya. Kengele ni ile ile, na kamba ni ile ile. Hata hivyo mama aliye shambani kwenye mpunga, kabla hajaambiwa neno lo lote, amekwisha jua kama ni saa ya kusali au ni saa ya kwenda kwa wafiwa.

Hadithi nazo zina kengele yake. Bibi akisema, "Hadithi, hadithi!" na watoto wakaitikia, "Hadithi njoo!", basi wote wamekwisha patana kwamba sungura atasema na fisi atadanganywa, wala hapana atakayeuliza kama ni kweli.

Sinema pia ina kengele yake. Ni zile dakika mbili tatu za mwanzo, majina ya waigizaji na ya watengenezaji yanapopita huku muziki unalia. Wengi wetu hapa Kiberege, na Mang'ula, na hata Ifakara mjini, twaziona dakika hizo kuwa si kitu. Katika kibanda cha video ndio wakati wa kutafuta mahali pa kukaa, na kijana mwenye mashine mara nyingi huirusha picha mbele ili mambo yaanze. Kumbe mambo yamekwisha anza. Na katika sinema za wapelelezi wa kuchekesha, mtu aliyekosa mwanzo aweza kuikosa picha nzima.

UTANI HUTAKA KUTANGAZWA

Tuanze na jambo tunalolijua. Msibani mtani aweza kuziba njia na kudai pesa. Aweza kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mgeni asiyejua kuwa mtu huyu ni mtani ataona ni matusi, na pengine atataka kupigana. Maneno ni yale yale na matendo ni yale yale. Kinachoyafanya yawe dawa ya huzuni na siyo tusi ni kwamba watu wote wajua tangu mwanzo nani ni mtani wa nani.

Sinema ya kuchekesha ya wapelelezi ni mtani wa sinema ya kweli ya wapelelezi. Ndani yake mna bastola, mabomu, adui mwenye hila na siri za serikali, kama katika picha ya kuogopesha. Ni lazima basi itangaze utani wake mapema, na mahali pa kutangazia ni pale mwanzoni.

MPELELEZI WA KUOGOPWA

Ili kumwelewa mtani, yatupasa kwanza kumjua anayetaniwa. Mwaka 1962 ilitoka Uingereza sinema iitwayo Dr. No, ya kwanza katika mfululizo wa picha za mpelelezi James Bond, aliyebuniwa na mwandishi Ian Fleming. Mwanzo wake ulitengenezwa na Mmarekani Maurice Binder. Yeye alipiga picha kwa kupitia ndani ya mtutu wa bastola ya kweli, akitumia kamera yenye tundu dogo sana. Mtazamaji huona duara jeupe likisafiri gizani, na ndani ya duara mtu akitembea. Ghafula mtu yule hugeuka na kupiga risasi, na rangi nyekundu ya damu hushuka juu ya picha yote. Mtu yule hakuwa mwigizaji mkuu, Sean Connery, bali mwenzake aitwaye Bob Simmons. Kisha huja muziki uliotungwa na Monty Norman na kupangwa na John Barry, nao umejulikana dunia nzima.

Angalieni: hakuna neno lililosemwa, wala mtazamaji hajui habari yenyewe ni nini. Lakini amekwisha ambiwa mambo matatu. Kwanza, kuna jicho linalomtazama mtu pasipo yeye kujua. Pili, mtu huyu ni mwepesi kuliko adui yake. Tatu, hapa watu watakufa. Picha za Bond zilizofuata ziliutumia mtutu huo mara nyingi sana, hata ukawa kama muhuri juu ya barua.

Wasomaji wa Kiswahili nao walipata mpelelezi wao, Willy Gamba, katika riwaya za Elvis Musiba, kama vile Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Huyo naye si wa kuchekwa. Jina la kitabu peke yake lamtosha msomaji kujua anaingia nyumba gani.

NAMNA ANAVYOGEUZWA KUWA WA KUCHEKWA

Mchekeshaji hatengenezi nyumba mpya. Huchukua nyumba ya mpelelezi wa kuogopwa, akaiacha kama ilivyo, ila akaharibu kitu kimoja.

Mfano mzuri ni Get Smart, michezo ya televisheni ya Marekani iliyoonyeshwa tangu mwaka 1965 hata 1970. Iliundwa na Mel Brooks na Buck Henry, na mwigizaji mkuu alikuwa Don Adams. Mwanzoni twamwona mpelelezi akitembea katika ujia mrefu. Milango mizito ya chuma yafunguka mbele yake na kufungwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine. Muziki ni wa kishujaa, na uso wa mtu ni mkavu kabisa. Mwisho wa ujia aingia katika kibanda cha simu, apiga namba, na mara aanguka kupitia sakafu, atoweka! Kama mtu hajacheka bado, basi mwisho wa kipindi atacheka: mpelelezi arudi njia ile ile, na milango ya mwisho yamfungia pua.

Zingatieni jinsi ilivyofanywa. Kama angekuwa akichekacheka na kukunja uso tangu mlango wa kwanza, tungechoka upesi. Milango ile yote hufanya kazi ya kutuaminisha, ili ile pua iwe na maana. Mchezo hutegemea uzito uliotangulia, kama vile utani utegemeavyo heshima iliyopo kati ya watani.

Njia nyingine ni kumleta mnyama. Katika The Pink Panther, ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Blake Edwards, "chui wa rangi ya waridi" ni jina la almasi tu, na mkaguzi wa polisi Clouseau, aliyeigizwa na Peter Sellers, ni mpelelezi asiyeweza hata kutembea chumbani bila kuangusha kitu. Lakini mwanzoni kabisa huja chui wa katuni, mwembamba, mwenye maringo, anayenyemelea kwa muziki wa Henry Mancini. Aingia katikati ya majina ya watu wakubwa na kuyachezea. Ikiwa majina ya wakubwa yanachezewa, nani hatachezewa? Watu walimpenda chui huyo hata akatengenezewa picha zake mwenyewe, na ile ya kwanza, The Pink Phink ya mwaka 1964, ilipata tuzo ya Oscar.

JINA MOJA, PICHA MBILI

Sasa nataka kuleta ushahidi ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1953 Ian Fleming alitoa kitabu chake cha kwanza cha James Bond, kiitwacho Casino Royale. Kwa jina hilo hilo zimetengenezwa sinema mbili. Mtu akipewa mojawapo na rafiki katika simu yake, bila maelezo, atajuaje ni ipi?

Ile ya mwaka 1967 ilikuwa ya kumfanyia mzaha Bond. Mwanzo wake ulichorwa na Richard Williams, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi London. Herufi zake ni kubwa, zenye rangi nyingi na mapambo yaliyopindana, mfano wa herufi za kwanza katika vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono na wamonaki. Muziki ni wa matarumbeta ya furaha, uliotungwa na Burt Bacharach. Mtu huona herufi hizo na kusikia tarumbeta hizo, na mara ajua kuwa yuko sokoni siku ya sikukuu.

Ile ya mwaka 2006, Daniel Craig akiwa Bond, huanza bila rangi, nyeusi na nyeupe tu, na mtu auawa kabla ya majina kuonekana. Kisha mtutu wa bastola, na baadaye vivuli vya watu wakipigana kati ya karata za kamari, kazi ya Daniel Kleinman. Karata zakata kama visu. Hapo hapana sikukuu.

Kitabu ni kimoja, jina ni moja, mpelelezi ni mmoja. Lakini mtu ambaye hajui hata neno moja la Kiingereza, akiketi dakika tatu tu mbele ya kila moja, atazitenga kama mtu anavyotenga mchele na pumba.

WALIOTUDHANIA KUWA HATUELEWI

Nasema hivyo kwa makusudi. Wakati wa ukoloni wakubwa wengine wa sinema walifundisha kwamba watu wa vijijini Afrika hawawezi kufuata picha ya kawaida. Mmoja wao alikuwa William Sellers, aliyeongoza idara ya serikali ya Uingereza ya sinema za makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1939. Yeye alitaka picha za kwenda polepole, zisizo na madoido wala mikato ya haraka. Lakini watu wetu waliwahi kuielewa Muhogo Mchungu, sinema ya Kiswahili ya mwaka 1952 ambayo ndani yake aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Na baadaye, video zilipoenea, walitokea watafsiri kama Derek Mukandala wa Dar es Salaam, maarufu kwa jina la Lufufu, waliozisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili chenye ladha. Mtafsiri mwema huutumia wakati wa majina kuwaambia watu ni picha ya namna gani na nani ni nani, kama bibi aitikishavyo watoto kabla ya hadithi.

Niliona faida yake katika kibanda kimoja cha huku kwetu. Ilionyeshwa Johnny English ya mwaka 2003, ya Rowan Atkinson, yule ambaye watoto wote humwita Mr. Bean. Mzee mmoja alichelewa, akaingia wakati mpelelezi anavamia mazishi, akiwashutumu wafiwa kuwa ni wahalifu, kumbe amekosea gari la maiti. Mzee alikasirika sana. Akasimama, akawaita wajukuu wake, "Twendeni nyumbani! Hawa wanadhihaki maiti." Mjukuu wa kike, wa miaka tisa hivi, akamjibu kwa adabu, "Babu, shikamoo. Huyu si mpelelezi hodari. Mwanzo kabisa alikuwa anawaza tu kuwa yeye ni shujaa, kumbe ni mtu mdogo wa ofisini. Anayechekwa ni yeye, siyo wafiwa."

Mzee akakaa. Hakucheka sana, lakini alikaa mpaka mwisho. Mtoto alikuwa ameona mlango. Babu alikuwa ameingia kwa dirishani. Na hasira ya mzee haikuwa ya upuuzi, maana kumheshimu maiti ni jambo kubwa. Alichokosa ni habari ya nani anataniwa.

MLANGO HAUSEMI YOTE

Hata hivyo, wazazi, msidanganyike. Mwanzo wa picha hutuambia kwamba tutacheka. Hautuambii tutachekeshwa kwa kitu gani. Austin Powers ya mwaka 1997 ina mwanzo wa furaha tele, mpelelezi akicheza ngoma na watu njiani kwa muziki wa Quincy Jones. Mtoto akiuona atadhani ni picha yake. Lakini ndani yake mna mzaha mwingi wa mambo ya chumbani, usiofaa watoto. Kwa sababu hiyo Tanzania ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu yenye kazi ya kukagua picha na kuzipanga kwa umri wa watazamaji. Alama ya umri na mwanzo wa picha ni vitu viwili, na vyote viwili vyafaa kutazamwa.

Basi, jioni mkiketi mbele ya televisheni au simu ya kijana wenu, fanyeni hivi. Msiruhusu majina yarushwe. Sikilizeni muziki: je, wanyemelea, wacheza, au watisha? Tazameni herufi: zimesimama wima kama askari, au zinayumba? Mtazameni mtu atembeavyo: je, mlango wamfungukia, au wambana pua? Kisha mwulizeni mtoto mdogo kuliko wote, "Unadhani picha hii itakuwa ya namna gani, na nani atachekwa?" Mwacheni ajibu kwa maneno yake, kisha tazameni pamoja kama alisema kweli. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo hatakubali upesi kila picha inayowekwa mbele yake, hata siku ambayo ninyi hampo.