Punje 36 za Mahindi Zatosha Kufundisha Vigawo

Mzazi wa Mpale, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, anaweza kumfundisha mtoto vigawo kwa punje 36 za mahindi. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza. Mtoto apange punje zote katika mistari iliyo sawa, akianza na mmoja, na aandike kila jozi: 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, 6 na 6. Mistari 5 hubakiza punje moja. Hivyo 5 si kigawo. Baada ya 6 jozi hujirudia. Sita ikihesabiwa mara moja, vigawo ni 9.

Anayekisia huacha baadhi, kisha hukwama katika kurahisisha sehemu. Wazazi wanahimizwa kuwaachia watoto wapange wenyewe.