Mwita Waitara: Alihama chama, kisha akahama jimbo

Mwaka 2015 Mwita Waitara alichaguliwa mbunge wa Ukonga, Dar es Salaam, kwa tiketi ya CHADEMA. Julai 2018 akahamia CCM.

Kiti je? Ibara ya 71 ya Katiba iko wazi: mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, ubunge unakwisha. Hivyo Septemba watu wa Ukonga walipiga kura upya, akashinda.

Mwaka huohuo mbunge wa Serengeti, Marwa Ryoba Chacha, naye alihama CHADEMA kwenda CCM. Yeye alipita bila kupingwa, kura haikupigwa.

Mwaka 2020 Waitara alirudi Mara, akamshinda John Heche wa CHADEMA Tarime Vijijini.

Kwa hiyo mbunge wako akihama, kiti kinarudi kwako, ila mwaka 2018 uchaguzi ulihitaji mpinzani.