Kabla hujauza mali kumpeleka mwanao Ulaya kucheza mpira

Nikitaja Kaloleni, msomaji wa Mombasa au Malindi atafikiria Kaloleni ya Kilifi. Ninayoizungumzia leo iko Kisumu, mtaa wa zamani ambao Kiswahili chetu utakisikia barazani kama uko Old Town. Khala yangu aliolewa huko miaka mingi, na wajukuu zake wanachanganya Kiswahili na Kijaluo bila kujua wanavuka mpaka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali. Baada ya alasiri, binti yake, ambaye kwa desturi zetu ni dada yangu, akanivuta kando. Mwanawe ana miaka 15, mrefu, anacheza beki wa kati. Bwana mmoja aliyemwona uwanjani amemwahidi majaribio katika klabu ya Ulaya. Kinachotakiwa ni shilingi 180,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Dada ni mshonaji, ana cherehani tatu, na alikuwa ashapata mtu wa kununua mbili.

Nilipoguna, mpwa wangu akaruka: “Mjomba, si Okumu naye ametoka Kisumu hapa hapa?”

Kweli, ametoka hapa. Ndiyo maana nikamwambia akae tuihesabu safari ya Okumu mwaka kwa mwaka. Nayaandika tuliyozungumza kwa sababu najua mabwana wa aina hiyo hawako Kisumu peke yake. Likoni wako, Kisauni wako, Lamu wako.

Joseph Okumu alizaliwa Kisumu tarehe 26 Mei 1997. Ligi kuu aliichezea Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari katika kaunti hiyo hiyo. Mwaka 2016, akiwa na miaka 19, alikwenda Afrika Kusini kuchezea Free State Stars. Huko mechi alizopata zilikuwa chache. Wengi wetu tungesema kijana ameshindwa, arudi nyumbani. Yeye akaenda Marekani, na mwaka 2018 akasajiliwa na Real Monarchs, timu ya pili ya Real Salt Lake. Si timu ambayo watu wa mtaani kwetu wanavaa jezi yake.

Mlango ulifunguka mwaka 2019. Harambee Stars walikuwa kambini Ufaransa wakijiandaa kwa Kombe la Afrika la Misri, na beki Brian Mandela akaumia goti. Okumu, miaka 22, akaingia nafasi yake. Kenya ilifungwa 2-0 na Algeria, ikaishinda Tanzania 3-2, kisha ikafungwa 3-0 na Senegal. Tulitoka mapema, lakini waliokuwa wakitafuta mabeki walikuwa wamemwona. Agosti mwaka huo huo akajiunga na Elfsborg ya Uswidi. Mwaka 2021 akanunuliwa na Gent ya Ubelgiji, na Aprili 2022 Gent wakatwaa Kombe la Ubelgiji kwa kuwafunga Anderlecht kwa penalti. Mwaka 2023 akauzwa Reims, ligi kuu ya Ufaransa.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Kisumu mpaka Ufaransa ni miaka 7 na nchi 4 za katikati, na alipotoka Kenya alikuwa mtu mzima aliyekwisha kucheza ligi kuu ya nyumbani. Wala kufika si mwisho wa shida. Mei 2025 Reims walifungwa 3-0 na PSG katika fainali ya Kombe la Ufaransa, na siku chache baadaye wakafungwa na Metz na kushuka daraja. Mpira ni kazi, na kazi ina siku zake mbaya.

Sasa turudi kwa bwana wa shilingi 180,000.

Kwanza ni umri. Kanuni za FIFA haziruhusu klabu kumsajili mchezaji kutoka nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Kuna ruhusa chache, kwa mfano mtoto ambaye wazazi wake wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Kijana wa miaka 15 anayeishi Kaloleni na mamake hayumo. Hata akicheza kama malaika, klabu ya Ulaya haiwezi kumwandikisha kesho. Kwa hiyo anayeuza “nafasi” hiyo anauza kitu ambacho hakipo.

Pili ni wakala. FIFA imerudisha leseni za mawakala, na mtihani wa kwanza ulifanyika Aprili 2023. Mwenye leseni anayo nambari yake, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye tovuti ya FIFA. Ujira wake hutokana na mkataba uliotiwa saini, hautokani na cherehani za mama. Ukimwuliza nambari ya leseni akaanza kukasirika, umeshajibiwa.

Tatu ni jambo ambalo wengi hatulijui, na ndilo lililonifanya nikae Kisumu siku mbili zaidi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa timu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Huitwa mchango wa mshikamano. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una haki ya asilimia 5 ya fungu hilo, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 10.

Tuchukue mfano wa mchezaji aliyeuzwa yuro milioni 1. Fungu ni yuro 50,000. Timu iliyokuwa naye msimu mmoja akiwa na miaka 14 inadai yuro 2,500. Tukihesabu yuro kwa shilingi 150, hizo ni shilingi 375,000. Iliyokuwa naye akiwa na miaka 17 inadai yuro 5,000, yaani shilingi 750,000. Kwa timu ya mtaa inayochangisha nauli ya matatu kila Jumamosi, hiyo ni mipira, viatu na nauli ya miaka. Na akiuzwa tena, inalipwa tena.

Ila pesa hiyo inafuata maandishi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi yake ya malipo huko Paris. Mchezaji akihama hutolewa pasipoti yake ya kielektroniki, yaani orodha ya kila timu aliyosajiliwa nayo na tarehe zake, kutoka kwa mashirikisho ya nchi alizopitia. Timu iliyomo kwenye orodha inalipwa. Timu iliyomfundisha miaka mitano bila kumsajili katika shirikisho haimo, na haitajwi. Ikikosekana kabisa timu ya kulipwa, fungu huenda kwa shirikisho la nchi.

Nikamfuata mwalimu wa timu ya mpwa wangu. Nilimkuta anakunja nyavu. Ni mtu wa makamo, analea vijana wapatao 40, hapokei mshahara. Nikamwuliza, mwalimu, hawa umewasajili? Akanionyesha daftari la shule, kurasa zimechakaa, majina ya watoto tangu miaka kadhaa, mengine ni ya utani tu: Kipepeo, Mzungu, Nambari Tano. Nikamweleza habari ya asilimia. Akanyamaza, kisha akasema, “Kwa hiyo mimi niliwaandikia nani?”

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia daftari lile ni mwanzo mwema, lakini lazima lifike kwenye shirikisho: timu isajiliwe rasmi kupitia tawi la eneo, kila mtoto aingizwe kwenye mfumo kwa jina lake la cheti cha kuzaliwa, na kila msimu ufanywe upya. Ni kazi ya makaratasi inayochosha, na haina shangwe. Lakini ndiyo inayomlinda mtoto na walaghai vile vile, kwa sababu mwenye rekodi safi hahitaji mtu wa kumtengenezea umri.

Sisemi vijana wasiote ndoto. Mwaka 1987 Gor Mahia, nahodha wao akiwa beki Austin Oduor, walitwaa Kombe la Washindi Afrika mbele ya Esperance ya Tunis. Mabeki wetu wanatosha kokote. Ninachosema ni kwamba mzazi asilipie njia ambayo kanuni zenyewe zimeifunga, na mwalimu asilee watoto wa watu bila jina lake kuandikwa mahali.

Dada alimpigia yule bwana tukiwa tumekaa, akamwomba nambari ya leseni. Akaambiwa atatumiwa. Mpaka naandika haya hajatumiwa, na cherehani zote tatu bado zinafanya kazi.

Mpwa alinuna siku nzima. Jioni akaniletea cheti chake cha kuzaliwa ili mwalimu amsajili. Tukakuta jina la babake limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye karatasi za shule. Kwa hiyo safari ya beki wetu imeanzia kwenye foleni ya ofisi ya vyeti, kurekebisha herufi moja. Wewe nawe, ukimaliza kusoma, nenda kakitazame cheti cha mwanao.