Wanaouza Hisa za Kuazima: Ushahidi Unasema Nini?

Anayeamini kwamba hisa za kampuni fulani zimepanda bei kupita thamani yake anaweza kuziazima kwa mwenye nazo, akaziuza leo kwa dola 100 kila moja, kisha akangoja. Bei ikishuka hadi 60, hununua idadi ileile, humrudishia mwenyewe, naye hubaki na dola 40 kwa kila hisa, ukiondoa ada ya kuazimia. Ikipanda hadi 300 anapoteza 200, na hasara hiyo inaweza kuendelea kukua bila kikomo. Kwa hatari hiyo, wengi wa wafanyabiashara hawa huchambua hesabu za kampuni kwa makini kuliko mwenye hisa wa kawaida.

Wakuu wa kampuni huwachukia, na serikali huwalaumu soko linapotikisika. Tarehe 19 Septemba 2008, tume inayosimamia masoko ya mitaji Marekani, SEC, ilipiga marufuku biashara hiyo kwa hisa za karibu kampuni 800 za sekta ya fedha. Alessandro Beber na Marco Pagano walichunguza marufuku za aina hiyo katika nchi 30. Waligundua kwamba pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia lilipanuka, habari zilichelewa kuonekana katika bei, na kwa jumla bei zenyewe hazikuokolewa.

Swali gumu zaidi ni kama wauzaji hawa huwafanya wakuu wa kampuni wawe waaminifu. Kuhesabu tu hisa zilizoazimwa hakutoshi kulijibu, kwa sababu kampuni zenye hesabu za kutia shaka ndizo zinazowavuta. Kisababishi na matokeo vinachanganyika.

SEC yenyewe ndiyo iliyofungua njia. Tangu 1938 kulikuwa na kanuni iliyozuia hisa za kuazima kuuzwa wakati bei inateremka. Mwaka 2004 tume ilitangaza jaribio: ilipanga hisa za faharasa ya Russell 3000 kwa wingi wa mauzo yake, ikachagua moja katika kila tatu, na kuanzia Mei 2005 ikaziondolea kizuizi. Hakuna kampuni iliyoomba kuingia wala iliyoweza kujitoa. Kwa mtafiti wa fedha, nafasi kama hiyo ni adimu mno. Vivian Fang, Allen Huang na Jonathan Karpoff waliitumia katika utafiti uliochapishwa 2016, wakaona kwamba kampuni zilizochaguliwa zilipunguza kupamba faida katika vitabu vyao, na jaribio lilipokwisha zikarudi karibu na zilipokuwa. Kwa maelezo yao, hofu ya kufichuliwa ndiyo iliyozituliza.

Nilivutiwa sana na matokeo hayo, na bado ninayaheshimu. Lakini data hizohizo zimetumiwa katika makumi ya tafiti nyingine: juu ya uwekezaji, ubunifu, mishahara ya wakuu, hata ukaguzi. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kipimo cha kitakwimu kinachoruhusu kosa la asilimia 5, kikitumika kwa maswali 100 ambayo yote jibu lake la kweli ni “hakuna athari”, kitatoa kama “athari” tano kwa bahati tu. Davidson Heath na wenzake walilionyesha jambo hili kwa jaribio hili hasa, na baadhi ya matokeo yaliyosifiwa hayasimami kipimo kikikazwa.

Ushahidi ninaouamini zaidi hautegemei jaribio hilo. Karpoff na Xiaoxia Lou, mwaka 2010, walichunguza kampuni zilizoadhibiwa kwa kudanganya katika hesabu zao. Waliona hisa zilizoazimwa na kuuzwa zikiongezeka polepole kwa miezi 19 kabla ya umma kujua. Kwa hiyo wauzaji hawa hunusa udanganyifu mapema, hilo nalisema bila kusita. Kwamba humzuia meneja asidanganye kabisa, bado halijathibitishwa.

Kenya ilitunga kanuni za kukopeshana na kuuza hisa za namna hii mwaka 2017. Ombi langu kwa wasimamizi wa masoko yetu: chapisheni mara kwa mara idadi ya hisa zilizoazimwa kwa kila kampuni. Na watafiti, andikeni hadharani swali lenu kabla ya kuzigusa data.